Mpira wa mkojo: puto lijazwe lini, na stoo uchukue mpira upi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Moshi, mwaka wa pili, na wiki ijayo tunaingia wodi ya upasuaji ya wanaume. Shuleni tumeweka mpira wa mkojo kwenye sanamu tu. Stoo ya wodi nimeona mipira ya rangi na namba nyingi, sijui mtu anachaguaje. Halafu dada mmoja mzoefu alituambia ukiona mkojo umetoka, jaza puto papo hapo; mwenzangu akabisha. Na kwa mzee mwenye tezi dume, mpira ukigoma njiani nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na puto, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa. Mwenzako yuko sahihi. Kwa mwanaume, mkojo kuonekana peke yake hakukupi ruhusa ya kujaza puto.

Kabla ya zamu yako, omba mpira mmoja ambao muda wake wa matumizi umepita, ukae nao mezani uutazame vizuri. Vitundu vinavyopitisha mkojo viko kwenye ncha. Puto, linalojazwa maji ili mpira usichomoke kibofuni, liko nyuma ya vitundu hivyo. Kwa hiyo ncha ikigusa kibofu mkojo utatiririka, ilhali puto bado limelala ndani ya njia ya mkojo, pale njia inapopita katikati ya tezi dume. Ukisukuma mililita 10 za maji hapo, unachana njia kwa ndani. Mzee atapiga ukelele, damu itatoka, na jeraha likishapona linaweza kuacha kovu linalobana njia. Mtu anarudi hospitali baada ya miaka, mkojo unatoka kama uzi, chanzo ni dakika ile moja.

Unachotakiwa kufanya ni hiki: mkojo ukishaonekana, endelea kuingiza mpira taratibu mpaka ile sehemu unapogawanyika matawi mawili ifike kwenye tundu la uume. Tunasema mpaka kwenye Y. Njia ya mkojo ya mwanaume ina urefu wa takriban sentimita 20 na mpira wa kawaida ni kama sentimita 40, kwa hiyo ukifika kwenye Y na mkojo unatoka, kwa kawaida puto litakuwa kibofuni. Ndipo ujaze, polepole, ukiwa unamtazama mgonjwa usoni, sio sirinji. Akikunja uso, akikushika mkono, au ukihisi sirinji inagoma, acha. Vuta maji yote, sukuma mpira zaidi, au mwite mkubwa wako. Puto likiwa mahali pake mgonjwa kwa kawaida hasikii maumivu ya kujaza. Ukimaliza, vuta mpira kidogo kwa upole hadi ukwame. Hapo puto limekaa kwenye shingo ya kibofu.

Kuna wakati unafika kwenye Y na mkojo hauji. Mara nyingi ni jeli imeziba vitundu. Subiri kidogo, gandamiza kwa upole juu ya kinena, mwambie akohoe. Bado kimya? Usijaze puto kwa matumaini. Mwite muuguzi mzoefu au daktari, ambaye anaweza kuusafisha mpira kwa sirinji ya kibofu yenye maji yaliyotakaswa na kujua uko wapi.

Sasa twende stoo. Namba unazoziona ni kipimo cha Charrière, mtengenezaji wa vifaa vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19. Gawa namba kwa 3 upate unene wa nje kwa milimita: namba 12 ni milimita 4, namba 18 ni milimita 6. Rangi ya pete kwenye mdomo wa kujazia puto inafuata namba hiyo, ili hata usiku taa ikiwa hafifu usichanganye: 12 nyeupe, 14 kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu, 20 njano. Kanuni ni kuchukua mwembamba kuliko yote utakaopitisha mkojo vizuri. Mwanamke mzima 12 au 14, mwanaume mzima 14 au 16. Watoto wana namba zao, 6 hadi 10 kulingana na umri na mwili, na hao usiwaguse peke yako katika mwaka wa pili. Wapo wanaoamini mpira mnene unazuia mkojo kuvuja pembeni. Mkojo ukivuja pembeni, mara nyingi kibofu kinajikaza kwa kukerwa na mpira, au mpira umeziba, au choo kikubwa kimekaza. Ukiongeza unene unaongeza kero.

Mpira utakaoukuta zaidi wodini ni wa Foley, jina la daktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani aliyeuendeleza miaka ya 1930. Una njia mbili ndani yake: moja ya mkojo, nyingine ya maji ya puto. Kuna wenye njia tatu, mnene, namba 20 hadi 24, ambao njia ya tatu inapeleka maji kibofuni kuosha mabonge ya damu baada ya upasuaji wa tezi dume. Huo ni wa daktari kuagiza. Nelaton hauna puto kabisa: unaingiza, mkojo unaisha, unatoa. Ndio wanaofundishwa kujiwekea wenyewe nyumbani watu walioumia uti wa mgongo, na kwa wengi wao ni salama kuliko kukaa na mpira wa kudumu. Tiemann una ncha iliyopinda juu kidogo, nitaurudia nikifika kwa mzee wako. Halafu kuna unaopitishwa kwenye ngozi juu ya kinena moja kwa moja hadi kibofuni, kazi ya daktari, na kuna wa kondomu unaovalishwa uume kwa nje. Huu wa mwisho tunausahau mno. Mzee asiyeweza kuzuia mkojo, lakini kibofu chake kinajimaliza vizuri, hahitaji kitu chochote ndani ya mwili wake.

Soma pakiti, usiangalie rangi tu. Mambo manne: aina ya mpira, urefu, ukubwa wa puto, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Lateksi ni ya muda mfupi na kuna watu wenye mzio nayo, kwa hiyo muulize mgonjwa kama glovu za mpira au maputo ya sherehe huwa yanamwasha au kumvimbisha. Silikoni tupu inaweza kukaa hadi wiki 12, na kwa unene uleule wa nje ina nafasi kubwa zaidi ndani. Kuhusu urefu, kuna mipira mifupi ya wanawake, kati ya sentimita 20 na 26. Mpira mfupi usiuweke kamwe kwa mwanaume, sababu umeshaijua: puto litajaa njiani. Puto la kawaida kwa mtu mzima ni la mililita 10, na pakiti itakwambia. Yale ya mililita 30 ni ya kazi maalumu baada ya upasuaji. Lijaze kwa maji ya sindano. Maji ya chumvi yanaweza kuganda chembechembe kwenye kile kinjia chembamba, kisha siku ya kutoa puto likakataa kunywea. Hewa nayo hufanya puto lielee.

Lakini kabla hujabeba trei, jiulize kama huyu mgonjwa anauhitaji mpira. Nalisisitiza hili kuliko mbinu ya mkono. Mpira ukiwa ndani, kila siku inayopita nafasi ya bakteria kuonekana kwenye mkojo inaongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, na ukifika mwezi karibu kila mgonjwa anao. Hata ungeuweka kwa usafi wa kupigiwa mfano, siku zitakushinda. Mkojo umeziba, mgonjwa mahututi anapimwa mkojo kila saa, upasuaji mrefu au wa kujifungua, kidonda cha makalio kinacholowa mkojo, mgonjwa wa siku za mwisho anayehitaji kupumzika: hizo ni sababu. Bibi analowesha shuka na wodi ina wauguzi wawili usiku, hiyo si sababu, ingawa naijua wodi hiyo na najua uchovu wake. Wala usiweke mpira ili kupata mkojo wa kupima kwa mtu anayeweza kukojoa kwenye kikopo.

Na kuna mmoja ambaye hutakiwi kumgusa. Kijana wa bodaboda ameletwa kutoka barabara ya Himo, nyonga imevunjika, na kwenye tundu la uume kuna tone la damu, au korodani zimevimba na kuwa nyeusi. Njia yake ya mkojo inaweza kuwa imekatika, na mpira wako unaweza kumalizia kuikata. Weka trei chini, mwite daktari, hata kama mtu amekwambia uharakishe kabla ya picha.

Basi tuseme ni mzee wako. Ametoka Rombo, jana kulikuwa na ubarikio, amekunywa mbege kidogo, usiku hajakojoa hata tone, na tumbo la chini limejaa hadi karibu na kitovu. Pombe inaongeza mkojo haraka na tezi iliyovimba haipitishi, ndiyo maana tunawapata hivyo. Anateseka, na anaona aibu. Msalimie vizuri: "Shikamoo babu." Vuta pazia. Mweleze kwa Kiswahili cha nyumbani utakachofanya na kwamba baada yake atapata nafuu. Mwombe ruhusa, kisha subiri ajibu. Kama wewe ni binti na unaona anaona haya, muulize kama angependa kaka muuguzi amhudumie. Hiyo ni sehemu ya ufundi, maana babu aliyejikaza kwa aibu amekaza pia ule msuli unaofunga njia ya mkojo, na mpira utagota hapo hapo.

Osha mikono, vaa glovu safi, osha eneo lote kwa sabuni na maji, vua glovu, osha mikono tena. Fungua pakiti bila kugusa vilivyomo, kisha vaa glovu zilizotakaswa. Tandaza kitambaa chenye tundu. Sirinji ya puto uijaze mapema, na mfuko wa mkojo uunganishe na mpira kabla ya kuanza kama pakiti inaruhusu, ili usije ukaachana navyo katikati. Mkono wako wa kushoto (kama unatumia wa kulia) ndio utakaoshika uume, na tangu ushike umeshachafuka: hauachii, haurudi kwenye trei, haugusi mpira. Wanafunzi wengi hapa ndipo wanapojisahau. Jeli inateleza, mkono unarudi kwenye trei bila mtu kuona, na kazi yote ya kutakasa imeharibika. Ukijua umegusa, sema, badilisha glovu na vifaa.

Kama hajatahiriwa, rudisha govi nyuma, safisha kuanzia kwenye tundu kwenda nje, kwa maji ya chumvi au povidoni ayodini kadiri ya utaratibu wa wodi, pamba moja kwa mfuto mmoja. Wengi wa wanaume wa huku wametahiriwa, na kwa sababu hiyo asiyetahiriwa tunamsahau mwishoni: ukimaliza, rudisha govi mbele. Likiachwa nyuma linavimba na kukaba kichwa cha uume ndani ya saa chache.

Sasa jeli ya ganzi, mililita 10 hadi 15 kwa mwanaume, ndani ya njia yenyewe. Kupaka ncha ya mpira tu hakutoshi. Bana kidogo chini ya kichwa cha uume isirudi, usubiri dakika 3 hadi 5 ukitazama saa. Dakika hizo ni ndefu ukiwa umesimama na mgonjwa analalamika, lakini ndizo zinazofanya kazi. Jeli isipopewa muda inabaki kuwa ya kulainisha tu. Kisha nyanyua uume uwe wima, uvute kwa upole ili njia inyooke, uanze kuingiza mpira bila haraka.

Utakutana na ukinzani mara mbili. Wa kwanza ni ule msuli. Simama hapo hapo, usirudi nyuma wala usisukume, mwambie babu avute pumzi ndefu aiachie, au ajaribu kama anataka kukojoa. Shusha uume kidogo kuelekea miguuni, na mara nyingi utahisi mpira unapita wenyewe. Wa pili ni tezi dume. Hapa nakuomba ukumbuke jambo linaloshangaza wanafunzi: mpira mwembamba si lazima upite kirahisi. Mwembamba ni laini, unajikunja mbele ya tezi. Mwenye uzoefu atachukua namba 16 au 18, au ule wa Tiemann, ncha iliyopinda ikielekezwa juu kabisa, kama namba 12 ilivyo kwenye uso wa saa, ili ipande juu ya uvimbe badala ya kuugonga. Wembamba unasaidia pale tatizo likiwa ni kovu lililobana njia.

Wewe katika mwaka wa pili, ukipata ukinzani usiopita kwa pumzi na subira, umefika mwisho wako. Toa mpira, mwite msimamizi, mwambie ulipokwama ni kina gani na kama umeona damu. Usijaribu tena na tena. Kila jaribio la nguvu linaweza kutoboa njia ya uongo pembeni, na daktari anayekuja baada yako atakuta mpira unaingia kwenye shimo ulilolitengeneza. Mzee wa hivyo huweza kuhitaji mpira wa tumboni, ule unaopitishwa juu ya kinena, na hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapo juu kwa kazi hizo ikiwa uko kituo kidogo.

Mkojo ukifunguka, utasikia maneno mawili. Wakubwa wengi walifundishwa kubana mpira baada ya mililita 500 au 1,000, wakihofia damu na presha kushuka ghafla. Tafiti zilizolinganisha njia hizo hazikuonyesha kwamba kubana kunamlinda mgonjwa, kwa hiyo kumwacha amalize ni salama kwa wengi. Fuata mwongozo wa wodi yako, usianze ubishi kitandani. La muhimu zaidi ni kuandika kiasi kilichotoka dakika 15 za mwanzo, kupima presha, na kuendelea kupima mkojo kila saa. Akitoa zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, figo zimeanza kumwaga maji kupita kiasi baada ya kuzibwa. Mwambie daktari, maana babu anaweza kukauka huku nyote mkifurahia kwamba mkojo unatoka.

Kwa mwanamke njia ni fupi, kama sentimita 4, na ugumu ni kuiona. Taa nzuri, miguu imekunjwa na kufunguliwa, pamba kutoka mbele kwenda nyuma, tundu liko kati ya kinembe na uke. Kwa bibi mzee huwa limeingia ndani kidogo kwenye ukuta wa juu wa uke. Mpira ukiingia ukeni, usiutoe: uache hapo uwe alama, uchukue mpya uingize juu yake, ndipo utoe ule wa kwanza. Mkojo ukija, ongeza kama sentimita 5 kabla ya kujaza puto.

Kisha funga mpira pajani kwa plasta au mkanda, ukiacha ulegevu ili mguu ukisogea usivute puto. Kwa mwanaume atakayelala nao muda mrefu, ufunge juu kidogo kuelekea tumboni, usikate ngozi chini ya uume. Mfuko uwe chini ya kibofu siku zote lakini usiguse sakafu. Utaona mgonjwa anasukumwa kwenda eksirei na mfuko umewekwa juu ya tumbo lake: mkojo wa jana, wenye vijidudu vyake, unarudi kibofuni mbele ya macho ya kila mtu. Uning'inize pembeni ya machela. Mwage mfuko unapokaribia robo tatu, kila mgonjwa na chombo chake. Sampuli ichukuliwe kwenye sehemu ya kuchomea sindano kwenye mrija. Usiutenganishe mpira na mfuko, na usichote mfukoni.

Kwenye faili andika tarehe na saa, namba na aina ya mpira, sababu ya kuuweka, mililita ulizojaza kwenye puto, kiasi na rangi ya mkojo, shida uliyokutana nayo, jina lako. Zile mililita za puto usiziache, kwa sababu atakayeutoa anahitaji kujua maji yote yamerudi. Kila asubuhi kwenye raundi uliza, hata kama wewe ni mwanafunzi: "Daktari, mpira huu bado unahitajika?"

Siku ya kutoa, chomeka sirinji kwenye mdomo wa puto uache maji yajae yenyewe, bila kuvuta kwa nguvu, maana ukivuta sana kinjia kinajibana na puto linakunjamana. Maji yote yakirudi, toa mpira taratibu huku akipumua nje. Puto likigoma, usikate mpira, mwite daktari. Mpe chombo cha kukojolea, uandike saa, umweleze mke wake au mtoto wake aliye karibu asimwage mkojo kabla hujaupima. Asipokojoa ndani ya saa 6 hadi 8, au akitoa matone huku tumbo la chini linapanda, daktari aambiwe kabla hamjakabidhiana zamu.